Tulivua Viatu, Hatukuvua Imani: Safari Yetu ya Kanchipuram



Tangu turudi India, swali tunaloulizwa zaidi dukani kwetu Chake Chake si bei ya kushona gauni. Tunaulizwa: "Ati kweli mliingia hekalu la Mabaniani?" Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine wanatutazama kama kuna kitu kimetupungua. Leo tunajibu kwa urefu, maana jibu fupi limeshatuletea maneno. Ndani ya safari hiyo mna mama mgonjwa, mna fedha ya bibi harusi, na mna kosa ambalo nusura tulifanye sisi wenyewe. Tunaomba msome mpaka mwisho ndipo mtuhukumu.

Kilichotupeleka

Hatukwenda kutembea. Mama yetu alikuwa mgonjwa wa moyo. Mlango mmoja wa moyo wake haukuwa ukifunga sawasawa, akawa akipanda ngazi tatu tu anakaa kitako kutafuta pumzi. Kama wagonjwa wengi wa visiwani kwetu, mwisho wa mambo tukaambiwa India. Ndugu wakachanga, karafuu za shamba la marehemu baba zikauzwa zingali mitini, na sisi wawili, mtu na mdogo wake, tukafunga duka. Tukavuka kwa boti hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, kisha ndege mpaka Chennai, mji mkubwa wa pwani kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu.

Siku mbili kabla hatujaondoka, alikuja bibi harusi mmoja ambaye ndoa yake ilikuwa Mfunguo Pili. Alikuwa ameona kwenye simu hariri ya Kanchipuram, ile nzito yenye pindo la dhahabu, na akasikia kuwa mji huo hauko mbali na Chennai. Akatukabidhi fedha mkononi. "Dada zangu, mkipata nafasi nileteeni. Nataka gauni la siku ya kutolewa lishonwe kwa hariri ya kweli, si hii ya plastiki." Tulizipokea kwa kusitasita. Fedha ya mtu ni amana, na sisi tulikuwa tunakwenda na mgonjwa.

Amma

Huko Chennai tulipanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane, jirani na hospitali. Ni Mtamil, dini yake ni Mhindu, na umri wake ni sawa na wa mama yetu. Watu wa kule wakimheshimu mwanamke humwita "Amma", yaani mama, na sisi tukamwita hivyo. Tulizungumza naye kwa Kiingereza cha skuli, chetu kibovu na chake kibovu, tukaelewana.

Sisi Wapemba tumezoea kumwita kila mtu wa kule Mhindi, na asiyekuwa Muislamu tukamwita Baniani. Kule tulijifunza kuwa mabaniani waliokuja kufanya biashara kwetu walitoka Gujarat na Kutch, kaskazini-magharibi. Hawa wa kusini wana lugha yao, chakula chao na hata maandishi yao. Lakini asubuhi ya kwanza Amma alipotuletea dosa, mkate wa mchele na dengu uliochachushwa ukapikwa kwenye chuma, mama yetu aliutazama, akaumega, akasema, "Hii chila hii." Akala miwili. Hajala hivyo tangu Pemba.

Na asumini, dada zetu! Wanawake wa kule hawatoki nje bila ya asumini kichwani. Zimetungwa kwa uzi, zinauzwa barabarani kwa kipimo cha mkono, kutoka kisugudini mpaka ncha ya kidole cha kati. Mafundi wa kwetu wa zamani nao walipima nguo kwa mkono hivyo hivyo. Tulisimama pale tukasikia harufu ya nyumba ya harusi, tukatamani kulia.

Siku ya operesheni tulikaa kwenye benchi tangu alfajiri. Tulisoma Yasin mpaka sauti zikakauka. Baada ya adhuhuri tukamuona Amma anakuja na chupa ya chai. Hakusema kitu. Alikaa katikati yetu, akatushika mikono, huyu mmoja na huyu mmoja, mpaka daktari alipotoka kutwambia kuwa mama yuko hai na moyo umekubali. Alhamdulillah. Tulisujudu pale pale ukumbini, na Amma akatushikia mikoba.

Kisha ukaja muda wa kungoja. Daktari alisema mama hawezi kupanda ndege mpaka kidonda kifunge na apimwe tena. Wiki ya pili mama mwenyewe alituchoka. "Mmenikodolea macho kama mnachunga vifaranga na mwewe yuko juu. Nendeni mkatafute kitambaa cha mtoto wa watu." Mpwa wetu mmoja aliyekuwa akisoma huko akaja kukaa naye siku nzima.

Amma aliposikia tunakwenda Kanchipuram alifurahi. Alikuwa na nadhiri yake ya kutimiza kwenye mahekalu ya huko. "Twende pamoja. Hekalu kwanza, hariri baadaye."

Hapo ndipo tulipokwama.

Tulimpigia ustadhi wetu

Sisi si wanazuoni. Tumesoma chuo kama nyote mlivyosoma, na tulichokijua ni kuwa shirki ni dhambi kubwa kuliko zote. Tukampigia simu ustadhi wetu nyumbani. Alitwambia kuwa wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kuingia nyumba za ibada za watu wengine. Wapo waliokataza, hasa penye masanamu, na wapo walioruhusu kwa masharti. Akatuasa mambo matatu. Tusishiriki ibada wala ishara yake yoyote. Tusile wala kuchukua kilichotolewa kwa masanamu. Na tusiseme neno la kuwadharau, kwani Surat al-An'am imetukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na watu wengine. "Mkiweza kubaki uwanjani, bakini uwanjani. Huyo mama amekufanyieni wema, msimvunjie heshima, na msimdanganye."

Neno hilo la mwisho tulilisikia, lakini siku hiyo hatukulitilia maanani. Lilikuja kutukamata baadaye.

Hekalu la Kailasanathar

Kanchipuram iko kiasi cha kilomita 70 na zaidi kutoka Chennai. Tulitoka na basi la alfajiri, na kwa foleni ilituchukua zaidi ya saa mbili. Zamani ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Pallava, na hadi leo watu wanauita mji wa mahekalu elfu.

Amma alitupeleka kwanza Kailasanathar, pembeni mwa mji, mahali pa kimya. Hekalu hili lilijengwa kiasi cha mwaka 700 na mfalme wa Pallava aitwaye Narasimhavarman wa Pili, ambaye pia hujulikana kwa jina la Rajasimha. Basi lina umri wa kama miaka 1,300. Limejengwa kwa mawe ya mchanga, rangi yake ni kama mchanga wa pwani jua linapotua. Tulivua viatu mlangoni.

Amma akaingia ndani kwenye ibada yake. Sisi tulibaki uwanjani, tukakaa kivulini, majani yakitota umande bado. Ukuta unaozunguka uwanja una vijumba vidogo 58 vilivyopangwa mstari, na mbele ya nguzo kuna simba wa mawe waliosimama kwa miguu ya nyuma. Hatutawaficha: masanamu yamejaa kila ukuta. Hatukwenda kuyagusa wala kupiga nayo picha, lakini macho tunayo. Sisi mafundi wa nguo tulichokiona kabla ya chochote kilikuwa marinda. Mtu aliyechonga jiwe lile miaka 1,300 iliyopita alijua namna kitambaa chepesi kinavyolala kiunoni na kinavyokunjika kwenye goti. Kuna mahali rangi na lipu ya zamani bado imeshika ndani ya vijumba.

Je, imani yetu ilitikisika? Hapana, wallahi. Tulihisi kitu chengine kabisa. Tuliona mahali pale panafagiwa, pana mlinzi, pana kibao cha maelezo, tukaikumbuka Ras Mkumbuu. Dada zetu, hapa Pemba tunayo magofu ya msikiti wa mawe na makaburi ya wazee wetu Waislamu, na wengi wetu hatujafika hata mara moja. Pale Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, mwaka 1984 zilichimbuliwa zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha, zenye majina ya watawala Waislamu wa kwetu wa karne ya 11. Sisi tulisoma Wete na hatukuwahi kuvuka. Tumevuka bahari ya Hindi kwenda kuona kwa mtu, na kwetu hatujaenda. Aibu hiyo ilitupata tumekaa chini ya ukuta wa Mabaniani, na tukanuia tukirudi tutakwenda. Tumeshakwenda, alhamdulillah.

Mstari

Hekalu la pili ni kubwa zaidi, Ekambareswarar. Mnara wa lango lake la kusini unakaribia mita 60, na ulijengwa mwaka 1509 na mfalme Krishnadevaraya wa Vijayanagara. Huku hakukuwa kimya. Watu wengi, kengele, moshi wa ubani wao, wauza maua, watoto, mabibi wamekaa chini wanapumzika. Tulikwenda mpaka ukumbi wa nje wenye nguzo. Mbele yetu kulikuwa na kibao kinachosema kuwa wasio Wahindu hawaruhusiwi kuendelea ndani.

Mlinzi alituona na mabaibui yetu, akanyanyua kiganja taratibu. Amma alifedheheka. Akaanza kumwambia kwa Kitamil, na kwa ishara tukaelewa anasema hawa ni wageni wangu. Tukamshika bega. "Amma, muache. Na sisi tuna mahali petu ambapo wewe huwezi kuingia. Makka haingii asiyekuwa Muislamu. Tunaujua mpaka."

Alitutazama, kisha akacheka. Mlinzi naye, sijui alielewa nini, akatuonesha mahali penye kivuli tukae.

Tunakiri kuwa kile kiganja kilitupa raha. Tulikuwa tumebeba khofu tangu asubuhi, tutakataa vipi, tutasema nini, tutamkosea nani. Kumbe wenye nyumba wenyewe wana mstari wao, wameuandika wazi, na wamemuweka mtu wa kukwambia kwa upole. Hapakuwa na ugomvi wowote.

Lakini jambo zito lilikuwa bado. Kabla hajaingia, Amma alikuwa ameshika bakuli la sadaka yake, nazi, ndizi na maua. Akatuuliza jina kamili la mama yetu na alizaliwa siku gani. Tulishangaa. Akaeleza kuwa ndani, kasisi wao hutaja jina la mgonjwa mbele ya mungu wao, na yeye alitaka kumtajisha mama apone haraka. Alikuwa ameshalipia kwa fedha yake.

Dada zetu, huyu ndiye aliyetushika mikono siku ya operesheni. Machozi yalikuwa yanamlenga. Mmoja wetu alifungua mdomo akashindwa. Na tuseme kweli, shetani naye alikuwa kazini: nini kitakuwa? Nani Pemba atajua? Jina tu.

Mwisho mkubwa wetu ndiye aliyesema. "Amma, sisi dini yetu tunamuomba Mungu mmoja tu, moja kwa moja, bila ya kupitia kwa mwengine. Mama angekuwa hapa angekataa yeye mwenyewe. Usikasirike. Wema wako tumeupokea wote, ila jina lake tunaomba usilitaje mle ndani."

Alinyamaza. Tulidhani tumempoteza. Akatazama bakuli lake, akatutazama, akasema kwa kile Kiingereza chake, "Basi nitaomba yangu." Akaingia.

Alipotoka alikuwa na jivu kwenye paji la uso na ndizi zilizokwisha kubarikiwa na wao. Hakutupa. Aliziweka mkobani mwake upande wa pili. Tulipofika nje kabisa, barabarani, akanunua mikono miwili ya asumini kwa muuzaji, akatukabidhi. "Hii haikuingia ndani. Ni ua tu. Mpelekeeni mama yenu."

Hapo sisi ndio tuliolia. Alikuwa amefahamu kila kitu, na ametuwekea mpaka wetu kwa mkono wake mwenyewe.

Hariri

Sasa tuje kwenye nguo. Kanchipuram ni mji wa wafumaji. Hariri yao ni ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, ndio maana ni nzito mkononi. Nyuzi za dhahabu, wanaziita zari, kwa asili ni uzi uliovishwa fedha kisha ukapakwa dhahabu. Vazi moja la sari lina urefu wa kiasi cha mita tano na nusu, yaani gauni zima na mtandio unapata.

Kilichotushangaza ni pindo. Sisi kwenye kanga tuna mji na pindo, na vyote huchapwa pamoja. Wao hufuma mji mbali na pindo mbali, kila kimoja na uzi wake, na hapo hapo kwenye kitanda cha kufumia huvikamatisha uzi kwa uzi. Mfumaji anakaa, msaidizi upande wa pili, wanapitishiana uzi. Wanasema nguo itachanika kabla pindo halijaachia. Na lile pambo la korosho la kanga zetu kumbe wao wanalo pia, na wanasema ni embe.

Tulipokuwa dukani ikaingia adhuhuri. Muuza duka, mzee Mhindu, aliona tunatazama saa. Akauliza, "Namaz?" Akatupeleka chumba cha nyuma kisicho na picha ukutani, akatandika shuka mpya, akatuonesha magharibi. Kwetu Pemba kibla ni kaskazini, hata neno ni hilo hilo moja. Kule kibla ni upande linakotua jua. Tuliswali, tukatoka, akatuletea maji.

Fedha ya bibi harusi ilikuwa na kikomo. Zilibaki nguo mbili tulizozipenda. Moja ni rangi ya zambarau yenye matausi kwenye pindo. Mzee mwenyewe akatwambia, hatukumuuliza: "Hii ina ndege. Waislamu wa hapa wengine hawaipendi kwa swala." Tukaiacha. Ya pili ilikuwa rangi ya komamanga, mji mtupu, na pindo la dhahabu lenye pembe tatu zilizopangana kama meno. Tukasema hii ndiyo. Mzee akaishika kidogo kabla ya kuifunga. "Na hizi pembe tatu tunaziita hekalu. Ni minara ya hekalu. Nimekwambieni mjue."

Alikuwa na haja gani ya kusema? Tulikuwa tumeshatoa fedha.

Tulitazamana. Tukaona pembe tatu ni pembe tatu tu, hata mikeka yetu inazo. Tukanunua. Na njia nzima ya kurudi tulikuwa tunajiambia kuwa Pemba hakuna atakayejua.

Jioni tulimvisha mama asumini zake. Alinusa, akafumba macho, akauliza, "Kuna harusi kwa nani?"

Nusura tuharibu

Tulirudi salama. Bibi harusi alikuja dukani siku ya pili tu. Tulipoifunua nguo alipiga vigelegele peke yake. Akapitisha kidole kwenye pindo, akasema, "Mashaallah, kama ukili wa mkeka wa bibi!" Sisi tukacheka naye. Hatukusema.

Usiku tulimsimulia mama. Yeye bado alikuwa amelazwa kwenye mto mrefu, anaongea pole pole. Akauliza, "Yule Baniani wa dukani alikwambieni?" Tukasema ndiyo. "Kabla hamjaondoka nayo?" Ndiyo. "Basi asiyekuwa Muislamu amekwambieni kweli, na nyinyi Waislamu mnamficha Muislamu mwenzenu?"

Hatukulala. Sote tunaijua habari ya yule muuza nafaka ambaye Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye lundo lake akakuta chini kumerowa. Tunaijua tangu chuoni. Na methali ya kwetu tumeikariri tangu utoto, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Usiku ule tuliona aibu kuwa tumewahi kuisema.

Asubuhi tukamwita bibi harusi na mama yake, tukawaambia yote. Bibi harusi alisema yeye haoni neno. Mama yake aliweka nguo chini kama imemuunguza. "Mwanangu avae hekalu siku ya harusi yake?" Tulimpigia ustadhi mbele yao. Akasema umbo la pembe tatu si sanamu ya kiumbe chenye roho, na kwa umbo lake tu halina ubaya. Lakini mvaaji ana haki ya kujua, na moyo wa mtu ukiingiwa na shaka, kuacha ni salama zaidi.

Tukawaambia mawili: tuwarudishie fedha yote, au tulikate pindo. Mama akachagua pindo likatwe. Bibi harusi alinuna, na haki yake, maana uzuri wote ulikuwa pale. Kulikata pindo la Kanchipuram si kazi ya mkasi mmoja, kwa vile limekamatishwa uzi kwa uzi. Tulikesha nalo mara mbili. Kisha tukatia kwenye gauni lile pindo jengine la uzi wa dhahabu, tukaufuma mkono wake na shanga kwa fedha zetu. Faida ya kazi ile hatukuiona, na tuliazima fedha ya kodi ya duka mwezi ule. Hatusemi ili tusifiwe. Tulistahili, kwa sababu tulijua tangu dukani kwa yule mzee.

Lile pindo la pembe tatu hatukulitupa. Bibi Aisha (radhiyallahu anha) alipotundika pazia lenye picha na Mtume (s.a.w.) hakulipenda, alilikata akalifanya mito. Nasi tulilikata tukashonea ncha za mito minne. Miwili iko kitandani kwa mama. Miwili tulimpa yule bibi harusi, baada ya kumuuliza yeye na mama yake. Siku ya kutolewa, mama yake alitutengea sahani ya biriani kabla ya wageni. Hakusema kitu na hatukumsemesha.

Kwa mabibi harusi wanaoagiza hariri

Tunakuandikieni machache tuliyoyapata.

Muulize anayekuuzia pambo lile linaitwaje na maana yake nini. Tausi, bata, tembo na minara ni mapambo ya kawaida ya huko. Uamue wewe kwa kujua, usiamuliwe na fundi aliyenyamaza.

Hariri ya kweli ina alama. India wana kibandiko cha Silk Mark. Na kama una shaka, chomoa uzi mmoja uuchome: hariri hunuka kama nywele iliyoungua na huacha jivu linalopondeka, plastiki huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Usimvishe bwana harusi hariri ili mfanane. Kwetu wanawake imehalalishwa, kwa wanaume imeharamishwa. Tunaweza kumtafutia pamba nzuri ya rangi ile ile, na mkapendeza vile vile.

Hariri nzito usiifue kwa sabuni ya unga wala usiianike juani. Ikunje ndani ya kitambaa cha pamba, na ubadilishe mikunjo kila baada ya miezi michache isije ikakatika hapo hapo.

Na mwisho, mnaotuuliza kama tuliingia hekaluni: tulifika uwanjani, tukafika ukumbini, tukasimamishwa kwenye mstari, tukashukuru. Amma bado tunazungumza naye kwa simu. Kila akipiga humuuliza mama yetu kama moyo unakwenda vizuri, na mama humuombea kwa Allah amuongoze na ampe afya njema. Wiki iliyopita alituuliza lile vazi la bibi harusi lilipendeza vipi. Tukamwambia kweli yote, hata habari ya pindo.

Alicheka, akasema tumpelekee salamu bibi harusi.

Wabillahi tawfiq.